Sarafu Isiyo na Mdomo

Balbu ya taa yangu ya kazi iliungua jioni, jua likizama, nikatoka kwenda duka la tatu kutoka kwangu kununua nyingine. Safari ya dakika tano. Shangazi nilimwacha amejilaza chumba cha nyuma, akilalamika kwamba chai yake nimeibania sukari.

Mlango niliufunga mimi, kwa ufunguo. Nikautikisa mara mbili kama kawaida yangu. Naomba mniamini hapo, maana mengine yote ni magumu zaidi.

Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa vilevile, na ndani kulikuwa na mtu ameketi kwenye kiti cha wateja.

Mwanamke mzee, mwembamba, ndani ya gauni jeupe la kazi lililopigwa pasi. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuoshea vidonda. Na chini ya harufu hiyo, nyingine... harufu ya chuma kilicholowa.

"Shikamoo," nikasema. Adabu hututoka kabla ya akili.

Hakuitikia.

Mzee asiyeitikia shikamoo ama amekasirika, ama... Nikajiambia amekasirika. Shangazi atakuwa amemfungulia, kisha akarudi kulala.

Akafungua kiganja. Ndani yake, sarafu.

"Itazame," akanong'ona. "Ilizaliwa hivi, au iliumizwa?"

Hilo ndilo swali langu la kila siku. Wateja huniita Mama Lenzi, ingawa sijawahi kuwa mama wa kitu kingine. Kazi yangu ni kukagua sarafu, kutenganisha kosa la kiwandani na jeraha la baadaye. Uchafu ukinaswa chini ya muhuri sarafu inapopigwa, kishimo kinabaki hapo maisha yote. Hilo ni kosa la kuzaliwa, na wakusanyaji hulipigania kwa bei kubwa. Lakini msumari wa mtu mwenye hasira, au gurudumu la lori, husukuma madini pembeni yakainuka, kama udongo kwenye shimo la panya. Hilo ni jeraha tu. Kila mwenye sarafu iliyokanyagwa na lori huja kwangu akiapa kwamba ilizaliwa hivyo. Nimezoea kuwavunja moyo, na sisemi uongo, wengine nawavunja kwa raha.

Niliipokea. Ilikuwa ya baridi mno.

Mwaka uliochorwa ulikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Kichwa cha mtu kilikuwa kizima, nywele, sikio, jicho. Mdomo haukuwapo. Mahali pake palikuwa na kishimo.

"Mimi ndiye mkunga aliyekupokea," akasema. "Mama yako alikata roho ameishika hii."

Nikainua macho kutoka kwenye sarafu.

"Nani kakwambia habari zangu?"

"Kama iliumizwa, aliyeigonga alikufunga nyota. Ukiinyoosha, unafunguka, na pigo linamrudia aliyelitoa."

"Na kama ilizaliwa hivi?"

"Basi na wewe ulizaliwa hivyo."

Sasa niwaambie mimi ni nani. Mama alikufa akinizaa, baba hakukaa hata mwaka. Mchumba wangu wa kwanza alihama mji bila kuaga. Wa pili alimuoa rafiki yangu, na rafiki naye akaacha kupokea simu zangu. Watu walisema nina nuksi. Walisema kwa sauti ya chini, lakini nuksi haina sauti ya chini, huyafikia tu masikio ya mwenyewe. Miaka arobaini na moja nimekuwa mtu ambaye wengine humzoea kidogo, kisha wanakumbuka wana shughuli mahali.

Kwa hiyo mnaelewa. Wateja wangu wote hutaka kosa la kuzaliwa. Mimi usiku na mchana niliomba langu liwe jeraha.

Balbu mpya ilikuwa bado mfukoni. Sikuifunga. Niliwasha tochi ya simu, nikainama na lenzi. Upande mmoja wa kishimo, ukingo ulikuwa umeinuka. Kidogo. Nikaupapasa kwa ukucha. Ulikuwa umeinuka, nilisema moyoni. Umeinuka.

"Iliumizwa," nikasema.

Na nilifurahi. Naona aibu kulisema, lakini sijawahi kufurahi vile.

"Nani aliigonga?"

Mkunga aligeuza shingo, polepole, polepole mno, mpaka uso wake ukaelekea pazia la chumba cha nyuma.

"Mwanangu?" Shangazi akaita kutoka huko. "Unaongea na nani?"

Shangazi, dada yake baba. Aliyenilea tangu siku mama alipokufa. Aliyekuwapo kila mchumba alipoondoka, akinifuta machozi na kusema, "Waache waende. Tupo wawili, tunatosha." Miaka yote nililisikia neno hilo kama upendo. Jioni ile nililisikia kama kufuli.

"Na mteja, Shangazi. Lala."

Kunyoosha sarafu ni dhambi katika kazi yetu. Nikailaza juu ya kipande cha chuma, kichwa juu, nikachukua nyundo ndogo. Mtaniuliza kama niliamini. Nusu yangu ilisema huu ni upuuzi wa bibi kizee. Nusu nyingine iliamini kabisa, na hiyo ndiyo iliyoshika nyundo.

Nikapiga.

Pigo moja.

Chumba cha nyuma, kikombe kikapasuka.

"Shangazi?"

Nikaweka nyundo chini.

"Shangazi!"

Nilimkuta sakafuni, macho wazi, chai imemwagika hadi kwenye nywele zake. Niliporudi kutafuta simu, kiti cha wateja kilikuwa kitupu, na mlango umefungwa kwa ufunguo, kwa ndani. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa mzee, presha ilikuwa juu. Maelezo mazuri. Niliyashika kwa mikono miwili.

Siku ya mazishi sebule ilijaa wanawake, wengi kuliko nilivyowahi kuwakaribisha maishani. Nilikaa nimeinamisha kichwa. Mara nikaisikia harufu ile ya dawa, karibu, begani kwangu.

Pumzi ya baridi ikagusa sikio.

"Mgongoni... ulipatazama?"

Niligeuka. Alikuwapo jirani tu, amesinzia.

Nikainuka mbele za watu, nikakimbilia mezani kwangu. Sarafu iliyogongwa msumari haiumii upande mmoja. Mgongo wake hutuna au husagika mahali palepale. Iliyozaliwa na kishimo, mgongo huwa safi. Hata anayejifunza siku ya kwanza anaambiwa: kabla hujatamka lolote, geuza.

Sikuigeuza.

Nikaigeuza sasa. Nyuma ya mdomo, barabara, palikuwa pamesagika. Msumari wa mtu, miaka arobaini na moja iliyopita? Au chuma changu mwenyewe, nilipoilaza juu yake na kupiga?

Nimeifunga ile balbu mpya. Nimeitazama sarafu kwa lenzi zote nilizonazo, wiki ya tatu sasa. Pigo langu limekaa juu ya kila kitu kilichokuwapo kabla, na hakuna mjuzi duniani anayeweza kulitenganisha. Wageni wameshaondoka, wana shughuli. Chumba cha nyuma pazia limetulia. Na mimi sijui kama nilimuua aliyenifunga, au mtu pekee aliyekubali kukaa na mwenye nuksi.