Nani Kapiga Kelele Jukwaani?

"Huyo wa njia ya tano hafiki popote. Nimesema mimi."

"Wewe kila mtu hafiki! Hata yule kijana wa asubuhi ulisema hafiki, kashinda huku anacheka."

"Yule alisukumwa na upepo, mama. Upepo ungetulia ungemwona anavyokufa kwenye mita sitini. Anainua kichwa mapema, kifua kinafunguka, kwisha habari yake."

Waliokuwa wakibishana ni fundi bomba mmoja mwenye sauti kavu na mama mnene wa kofia nyekundu. Walikaa safu ya mbele, upande wa kuanzia mbio, ambako hukaa wale wanaojua. Wasiojua hujazana kule kwenye utepe wapige picha. Nyuma yao alikaa Msusi, pete ya uchumba kidoleni, akitabasamu peke yake, kwa sababu huyo wa njia ya tano aliyekuwa akichambuliwa kama kuku ni mdogo wake wa tumbo moja. Mtaa mzima humwita Kiberiti.

"Kiberiti ana mwanzo mzuri kuliko wote leo," mama wa kofia alisema. "Bunduki haijamaliza kulia, yeye kashatoka."

"Alikuwa nao mwanzo. Tangu alipoumia paja, mguu wake wa kushoto huamka wa mwisho."

Tabasamu la Msusi likafa hapo hapo.

Maneno hayo, jinsi yalivyo, ni ya mama yao mzazi. Huyasema jikoni asubuhi, mlango umefungwa, akimkanda binti yake paja kwa maji moto. "Haya, tuuamshe huu mguu wako unaoamka wa mwisho." Kiberiti aliwasihi neno hilo lisitoke nje hata chembe. Wapinzani wakilijua watamsimanga mpaka kwenye chumba cha kusubiria, na yeye akishaanza kuufikiria mguu hakimbii tena. Na leo watatu wa kwanza ndio watakaosafiri na timu. Wa nne anarudi nyumbani.

Msusi akamgusa fundi bomba begani.

"Samahani kaka. Hilo la mguu umelitoa wapi?"

"Liko kwenye kundi letu la mashabiki, dada. Habari za ndani kabisa hizo. Sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza simu. Ikatoka sauti nzito, tamu, iliyonyooka kama ya mtu aliyezaliwa na kipaza sauti mdomoni:

"Wapenzi wa mbio fupi, hapa ni mimi wenu wa siku zote. Msiniulize nimejuaje. Mguu wa kushoto wa Kiberiti huamka wa mwisho. Mwangalieni kwenye hatua za kwanza, kisha mje mniambie kama nadanganya."

Ilikuwa sauti ya mchumba wake. Mwanaume ambaye Jumamosi hii angefunga naye ndoa.

Kwenye kundi wanamwita Mtangazaji. Kazi yake halisi ni kuuza rangi za nyumba dukani, lakini ndoto yake ni redio, na bosi wa redio moja naye yumo kwenye lile kundi, anatafuta shabiki mwenye sauti na habari. Sauti Mtangazaji alikuwa nayo. Habari akaziiba kifuani kwa mwanamke aliyemwamini.

Akatokea huyo, chupa mbili za maji mkononi, meno yote nje.

"Mpenzi, foleni ilikuwa ndefu, nusura nipigane na..."

"Kiberiti alikukosea nini?"

"Nani? Kakosea nini?"

"Usinizungushe! Nimesikia sauti yako kwenye simu ya huyu kaka. Nilikwambia habari za mguu wa mdogo wangu siku nilipokuwa nalia mbele yako. Nilikuwa nalia! Ukazichukua ukaenda kuzimwaga kwenye kundi?"

Mtangazaji akaketi taratibu, akashusha sauti.

"Sikumtaja mtu aliyeniambia."

"Ooh! Asante sana! Nikupigie makofi?"

"Mpenzi, elewa. Wale wote wanaongea upepo, viatu, kichwa kimeinuka, kichwa kimeshuka. Nilihitaji kitu ambacho hawana. Bosi kanipigia siku ile ile. Leo ananijaribu. Hii ni kwa ajili yetu sisi wawili."

"Yetu? Mimi nimeomba redio?"

Fundi bomba alitaka kugeuka, mama wa kofia akamfinya paja. Wambea wa kweli hawageuki, husikiliza na kisogo.

Chini, wasichana walikuwa wameshapanga miguu kwenye vibao vya kuanzia. Kiberiti alijipiga paja la kushoto mara kadhaa, akapiga magoti. Mwanzishaji akainua mkono.

"Kwenye mistari..."

Uwanja ukazimika. Hapo hakuna mjadala. Mtoto atazibwa mdomo na muuza maji atasimama alipo. Wanaojua mbio huheshimu ukimya huo, na Mtangazaji ndiye aliyekuwa kiranja wao. Kila mashindano husimama akageukia umati, kidole mdomoni. Leo Msusi alikuwa anaivuta pete itoke kidoleni, mchumba wake kaona, na akili ikamruka.

"Tayari..."

"NI MGUU TU, MPENZI, SI ROHO!"

Sauti ile nzuri ikavuka uzio, ikatua uwanjani. Kiberiti akachomoka peke yake. Bunduki ikalia mara mbili kuwarudisha.

Akasimama katikati ya njia yake, mikono kichwani. Mwenye kuchomoka kabla ya bunduki hutolewa, hata awe nani.

Mwamuzi mmoja akaja mbio mpaka kwenye uzio, jasho linamtoka, kadi mbili mkononi.

"Nani kapiga kelele hapa?"

Watu wakatazamana.

"Nauliza mara ya mwisho. Kama kelele zilitoka jukwaani, binti hana kosa, natoa kadi ya kijani wanaanza upya. Kama hakuna aliyepiga kelele, natoa nyekundu, anakwenda kuvaa nguo zake. Na aliyepiga atatoka uwanjani. Nani?"

Msusi akamtazama mchumba wake.

"Sema."

"Mpenzi," alinong'ona, "bosi yuko pale juu ananiangalia. Nikitolewa leo mbele yake, basi tena."

"Na mdogo wangu akitolewa?"

Mtangazaji akaanza kukagua kamba za viatu vyake.

"Wewe bwana, sema!" fundi bomba alifoka. "Mwanaume mzima!"

Mtangazaji akafungua kamba moja, akaifunga upya. Mwamuzi akageuka kuondoka, kidole kishaifuata ile nyekundu.

"Mimi!" Msusi alisimama. "Nimepiga mimi!"

"Sauti ilikuwa ya kiume, dada."

"Nina mafua."

Mwamuzi akamtazama, kisha akamtazama yule bwana aliyeinamia viatu. Alielewa yote, lakini hakuwa na muda wa kuendesha kesi. Akainua kadi ya kijani juu kabisa, na uwanja ukapiga makofi. Mlinzi akamshika Msusi kiwiko.

"Dada, kaa, nitamwambia ukweli," fundi bomba alisema.

"Niache, kaka. Nipigieni kelele mwisho wa mbio, kwa niaba yangu. Mwisho, jamani, si mwanzo."

Akatolewa kama mlevi, mbele za watu.

Nje ya geti kulikuwa na ukuta wa zege na jua kali. Akasimama hapo na simu mkononi. Miaka yote ya mazoezi ya mdogo wake, alfajiri zote zile, na mbio zenyewe anazisikia ukutani kama jirani mmbea.

Ujumbe ukaingia.

"Mpenzi usiondoke. Bosi kakubali, natangaza fainali ya wanaume. Umeniokoa. Nitakueleza yote. Nakupenda."

Akausoma mara mbili. Akajibu neno moja.

"Tangaza."

Ndani pakawa kimya. Bunduki ikalia. Kishindo cha watu kikapanda, kikapanda, kikapasuka. Msusi akabana macho. Kishindo hakisemi nani kashinda, ndiyo ubaya wake.

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha kofia nyekundu.

"Dada! We dada wa mafua!"

"Nambie, mama!"

"Wa tatu! Kwa ncha ya kifua! Kachelewa kutoka, kweli kachelewa, lakini kule mwisho kawameza wawili! Huyu fundi bomba hapa analia, anajidai vumbi!"

Msusi akakaa chini pale pale kwenye zege.

Kiberiti alitoka baada ya fainali ya wanaume kwisha, akiwa na ndara, namba bado imebanwa kifuani. Hakumkumbatia dada yake. Alisimama mbali kidogo.

"Niliijua ile sauti. Nimeinama pale, nasikia shemeji anataja mguu wangu. Sikuchomoka kwa woga, dada. Nilichomoka kwa hasira."

"Najua."

"Ulimwambia wewe?"

"Mimi. Nilidhani naongea na mume wangu."

"Nimekukasirikia."

"Kasirika, mdogo wangu. Una haki."

"Nimekukasirikia sana, na nina njaa, na paja linaniuma, na nimefuzu!" Hapo ndipo alipomwangukia dada yake shingoni, wakalia wote kwa fujo, mlinzi akageukia upande mwingine.

Hawajamaliza, Mtangazaji huyo, kitambulisho cha redio kinaning'inia shingoni.

"Shemeji! Hongera! Nimekutaja hewani mara..."

"Usiniite shemeji."

"Mpenzi, mwambie. Nilikosea, nakubali. Niliogopa. Mtu haruhusiwi kuogopa?"

Msusi alijifuta uso, akavua pete. Safari hii ilitoka bila kuvutwa.

"Kuogopa kunaruhusiwa. Lakini pa kunyamaza uliongea, na pa kuongea ukanyamaza. Ukaniacha nishikwe kiwiko na mlinzi, wewe unahesabu matundu ya viatu. Siku nikiumwa kweli, nikihitaji mtu wa kusimama na kusema neno moja, nitampata wapi?"

"Jumamosi je? Watu wameshaalikwa!"

"Umepata kipaza sauti. Watangazie."

Akaidondosha pete kwenye mfuko wa shati lake, nyuma ya kile kitambulisho, akampigia mama yake.

"Mama, wale wa Jumamosi waambie wasije."

"Mungu wangu! Kuna nini?"

"Hakuna bwana harusi."

"Kafa?"

"Mzima kabisa. Yuko hapa, na sauti yake nzuri ile ile."

Mama hakubishana. Alimjua binti yake, na sauti aliyoisikia haikuwa ya kubembelezwa. Alipouliza tena aliuliza taratibu, kama anayeogopa jibu.

"Na mwenzio? Mguu je?"

"Wa tatu, mama. Anasafiri na timu."

Vigelegele vikapasua simu, vikaendelea mpaka Mtangazaji akarudi nyuma hatua mbili. Kisha mama akavuta pumzi.

"Basi waje. Viti nimeshaazima na nguo nimeshashona. Huyo wa tatu ndiye tutakayemkalisha mbele."