Kiwiko Katikati ya Maua

Kitu cha kwanza kilikuwa kiwiko. Filister alikuwa ameketi mlangoni na picha mapajani, na katika ile aliyoipenda kuliko zote, ile aliyosimama mbele ya maua akishikilia tumbo lake, kulikuwa na kiwiko cha mtu nyuma yake. Kiwiko, na kipande cha mkono wa gauni la kijani lenye ukingo mweupe. Mwenyewe hakuonekana.

Filister hakuwa na gauni la kijani.

Na bustani ile haikuwa njia ya watu. Ilikuwa kipande cha udongo nyuma ya chumba chao pale Kabiro, Kawangware, kati ya ukuta wa mabati na tangi la maji la mwenye ploti, Mama Shiru, ambaye aliwaruhusu wapande chochote mradi isiwe bangi. Mumewe Oyoo akapanda waridi na maua ya kana yenye majani mapana. Mchana alipiga picha za pasipoti na za mazishi, kazi ya kumtia mtu usingizi, alivyosema mwenyewe, lakini jua likilegea alirudi bustanini kufanya vituko vyake. Alisimika kipande cha kioo kati ya majani ili ua moja lionekane mawili. Aliyanyunyizia maji. Na ujanja aliojivunia kuliko wote ulikuwa huu: kupiga filamu nzima ya maua, kuirudisha mwanzo polepole, kisha kupiga tena juu ya zilezile, safari hii Filister akiwa amesimama. Picha ikitoka, unaona mwanamke ambaye waridi linachanua ndani ya tumbo lake. Majirani walicheka, lakini kila mmoja alitaka kuziona.

Lile tumbo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mimba zilikuwa zimemponyoka Filister, moja, halafu nyingine, na hii aliilinda kwa roho yake yote. Alitaka ipigwe picha kila ilipokua, ili hata ikitokea... hapo hakuwahi kuyamaliza mawazo.

"Oyoo, huyu ni nani?"

Oyoo aliangalia, tena aliangalia kidogo sana. "Ni jani hilo."

"Jani huwa na kiwiko?"

"Fili, wacha hiyo stori. Ni mwangaza tu."

Sasa niambie, mke akiona kiwiko cha mwanamke mwingine kwenye picha aliyopiga mumewe, atawaza majini? Atamwaza mume. Filister alianza kunusa mashati. Kwenye mashati hakupata kitu. Ila bustanini, karibu na kana, kulikuwa na marashi, yale ya bei rahisi yanayomkaba mtu koo, na chini ya utamu wake kitu kingine kikali ambacho alikijua lakini hakukumbuka kutoka wapi. Akasema moyoni, kumbe anamleta hadi hapa nyumbani.

Siku chache baadaye, Mama Shiru akianika nguo, akamwita kwa sauti ya chini.

"Fili, huyo mgeni wenu hata salamu hana?"

"Mgeni gani, Mama Shiru?"

"Wa nguo ya kijani. Jana bwana yako alikuwa anapiga maua picha, na yeye amesimama tu hapo nyuma yake. Nilifikiri ni dada yako."

Jana Filister alikuwa Riruta akiuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alishukuru, akaingia ndani, akafunga mlango, akaanza kupekua nyumba kama askari. Chini ya godoro akapata bahasha. Jioni Oyoo alipoomba chakula, Filister alimwekea sahani iliyofunikwa vizuri. Oyoo akafunua, akakuta picha.

"Kula," Filister akasema. "Si umepika mwenyewe?"

Oyoo hakugusa kitu. Zilikuwa picha za Filister, zote, na katika kila moja alikuwepo yule wa kijani. Katika ya kwanza alisimama mbali kwenye kana, uso wake mweupe kwa mwangaza, hauna macho wala mdomo. Katika iliyofuata alikuwa ameshapita kile kioo, na mkono umeanza kunyooka. Na katika ya mwisho alikuwa amemkumbatia Filister kwa nyuma kama mtu na dada yake, kiganja kimelala juu ya tumbo na vidole vimetanuka, na Filister alipokitazama kile kiganja ndipo alipokumbuka kwamba siku ile, pale pale alipokuwa akiambiwa asitingishike, mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni, na tangu hapo amekuwa akicheza kwa shida, na yeye amekuwa akijidanganya kwamba amelala.

"Ni nani, Oyoo?"

"Sina mwanamke mwingine," Oyoo akanong'ona. "Afadhali ningekuwa naye."

"Sema."

"Ile filamu ya kiwiko, mwanzo haikuwa ya maua. Ilikuwa ya mazishi, kule Bondo. Mke wa mtu, alikufa akijifungua, yeye na mtoto wake. Aluoch. Nilimpiga jeneza likiwa wazi, jamaa wamesimama nyuma. Wamemvalisha gauni..."

"La kijani."

"Kisha watu wake wakakosana na watu wa bwana, hakuna aliyekuja kuziulizia picha. Nikaona filamu inalala bure. Nikairudisha mwanzo nikakupiga wewe juu yake. Nilidhani mwangaza wa maua utamfunika."

"Na hizi?"

"Hizi ni filamu mpya, Fili. Boksi nilifungua mimi mwenyewe."

Hapo ndipo Filister alipoikumbuka ile harufu. Aliinusa siku walipomzika baba yake: marashi yaliyomwagwa ndani ya jeneza ili kuizima dawa ya mochari. Alimchukia Oyoo usiku huo kuliko ambavyo angemchukia akiwa na wanawake kumi.

Kesho yake Oyoo alikwenda Lindi, kule Kibera, akamleta Mama Aketch, mama wa maombi wa kanisa la Roho, na kanzu yake nyeupe na ngoma yake kwapani. Mama huyo hakuingia chumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kana, akanusa, akarudi hatua moja.

"Mmemlaza aliye hai juu ya maiti," akasema taratibu, "halafu mnauliza kwa nini ameamka."

"Anataka nini kwangu, mama?" Filister akauliza.

"Hakuacha mtoto. Hakuna wa kuitwa jina lake. Mtu asiyeitwa hatulii, mwanangu."

Oyoo aliamriwa akate maua yote hadi kwenye udongo na kukivunja kile kioo. Picha na negativu zikatiwa ndani ya debe, moto ukawashwa, ngoma ikaanza kulia, na moshi badala ya kupanda ukashuka, ukatambaa chini kati ya vikonyo vilivyokatwa, ukamwendea Filister miguuni, ukamzunguka vifundo, na ile harufu ikajaa hadi Mama Shiru akafunga dirisha lake, na Mama Aketch akazidi kupiga na kuomba na kutokwa jasho, mpaka moshi ukainuka wote kwa pamoja, ukapita juu ya mabati, ukaenda. Mtoto akampiga Filister teke la nguvu. Filister akalia kwa furaha, hakuona aibu.

"Jina lake lisitajwe tena katika nyumba hii," Mama Aketch akawaambia akiondoka. "Asisikie akiitwa, akarudi."

Wakatii. Walitii mno, hawakumwambia hata mama yake Oyoo, aliyekuja kutoka Yala mwezi wa Julai kumpokea mjukuu.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, na akaanza kulia. Alilia hadi sauti ikakauka, titi alikataa. Bibi hakushtuka, kwao jambo hilo linajulikana: mtoto wa namna hiyo anatafutiwa jina, na akitajiwa lake atanyamaza. Akampakata, akaanza kuwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Mama yake. Shangazi zake. Mtoto analia tu. Oyoo na Filister walisimama kando, wanasikiliza, hawana wasiwasi. Majina ya ukoo yalikuwa ya watu wao.

"Basi, wazee wamekataa," bibi akasema, akachungulia nje. Wingu lilikuwa limetanda tangu alfajiri, baridi ya Julai. "Tumwite kwa hali ya hewa aliyozaliwa nayo."

Filister alielewa kabla ya Oyoo: kwa lugha yao, msichana aliyezaliwa siku ya mawingu ana jina moja tu. Alinyoosha mkono kumziba mdomo mama mkwe wake, jambo ambalo mke hafanyi, na mkono ukachelewa.

"Aluoch," bibi akaita.

Mtoto akanyamaza.

"Mnaona?" Bibi alicheka, machozi yakimlengalenga. "Amekubali. Oyoo, leta kamera."

Oyoo hakusogea. Bibi akamrudisha mtoto mikononi mwa Filister, na shali ilipofunguka, marashi yakampanda puani. Mtoto alikuwa ametulia kabisa. Akainua mkono wake mdogo, akauweka juu ya tumbo la Filister, vidole vimetanuka.

Filister akafungua blauzi, akamnyonyesha. Alikuwa mtoto wake.