Mlango Ambao Torunn Hakuugonga

Torunn alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni kama kila mtu mwenye akili timamu anavyofanya mjini Trondheim, akapiga hatua moja ndani, na soksi yake ikazama kwenye maji.

"Tena!" alifoka.

Maji hayo yalitoka kwenye mabuti ya Leonor. Leonor alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Ureno. Alikuja Norwei kusoma muhula mmoja katika mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi, na mama yake Torunn alikuwa amempangisha chumba cha chini. Tangu alipofika mwezi wa Januari, kila siku Leonor aliingia na mabuti yaliyojaa theluji, akatembea nayo mpaka katikati ya ukumbi, akayavua hapo na kuyaacha yachuruzike. Rafu ya viatu ilikuwa palepale mlangoni, yenye nafasi tele.

"Mama, hebu mwambie basi!" Torunn alisema huku akining'iniza soksi yake iliyolowa.

Mama, ambaye jina lake lilikuwa Berit, alikuwa jikoni akikata mkate. "Ataona mwenyewe," alijibu. "Ni mgeni yule. Hatutaki ajisikie anasemwa."

"Tangu Januari hajaona!"

"Punguza sauti, Torunn. Atasikia."

Asikie basi, Torunn aliwaza, si ndilo tunalotaka! Lakini katika nyumba ile mtu hakuambiwa kitu usoni. Mama alichukua tambara, akapiga magoti, akafuta maji huku akiguna kwa nguvu, akiamini kwamba mtu wa chini angeuelewa mguno huo. Mara Leonor akachomoza kichwa kwenye ngazi, uso umejaa huruma.

"Berit, unaumwa?"

"Hapana, hapana," alisema Mama, akitabasamu. "Niko salama kabisa."

Torunn alitamani kuitafuna ile soksi.

Hata hivyo, maji ya ukumbini yalikuwa cha mtoto. Kisa chenyewe kilitokea mwezi wa Februari, wakati wa likizo ya majira ya baridi, walipompeleka Leonor kwenye kibanda chao cha mlimani. Kibandani hakuna bomba. Maji huchotwa ziwani, na tangu mwaka uliopita kazi hiyo ilikuwa ya Torunn. Kila asubuhi alishuka na mtaimbo, akalipasua tundu la barafu lililojifunga usiku, akajaza ndoo mbili na kupanda nazo mlima, theluji ikimfika magotini. Ilikuwa kazi ngumu, naye aliipenda kwa sababu Babu Oddvar alimwachia yeye na si mtu mwingine.

Siku ile alichota maji, akatoka kuteleza thelujini kwa skii, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Aliporudi, alikuta ndoo zote mbili tupu. Leonor alikuwa ameketi karibu na jiko la kuni, taulo kichwani, akinukia shampuu.

"Maji yenu ni laini ajabu!" alisema. "Angalieni nywele zangu!"

Babu Oddvar alikohoa. Mama akasema, "Zimependeza." Basi, hakuna aliyeongeza neno. Torunn alizibeba ndoo, akarudi ziwani peke yake, akilia kwa hasira mpaka kope zikashikamana kwa baridi.

Sasa Pasaka ilikuwa imefika, na Pasaka ikifika watu wote hupanda milimani, mji ukabaki mtupu. Jumatano mchana Mama alikuwa akipakia machungwa na chokoleti kwenye sanduku.

"Torunn, shuka kwa Leonor. Mwambie tunamkaribisha, tunaondoka jioni."

Torunn alishuka. Alisimama mbele ya mlango, akamsikia Leonor akiimba ndani. Akazikumbuka ndoo zake. Akakumbuka pia mashindano ya skii ya watoto yaliyokuwa yafanyike Ijumaa mchana, ambayo alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu theluji ya kwanza. Je, angepata wapi nafasi ya kujiandaa, kutwa kucha akimchotea mtu maji ya kuoshea nywele? Aliinua mkono ili agonge. Akaushusha. Akapanda ngazi taratibu.

"Amesema asante, lakini anasoma," alimwambia Mama. "Ana mtihani."

"Maskini! Kasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi tumwache, tusije tukamsumbua."

Uongo ukapita kama maji kwenye mfereji, kwa kuwa Mama alikuwa mtu wa kuogopa kusumbua watu.

Alhamisi ilikuwa tamu. Jua liliwaka juu ya theluji, Torunn na babu yake walikula machungwa nje, migongo wameiegemeza ukutani, na ndoo zilibaki zimejaa hadi jioni. Usiku alilala fofofo. Hakujuta hata kidogo.

Ijumaa asubuhi Mama alipanda kilimani kutafuta mtandao, ili ampigie Leonor kumtakia Pasaka njema. Torunn alikuwa mezani akipaka nta skii zake ili ziteleze vizuri kwenye mashindano. Mama aliporudi, hakuvua hata glovu.

"Sielewi," alisema. "Nimemuuliza Leonor mtihani unaendaje. Akaniuliza, mtihani gani?"

Kitambaa cha nta kilisimama mkononi mwa Torunn.

"Tena analia," Mama aliendelea. "Kila duka limefungwa, hakujua. Tangu jana anakula soseji za kituo cha mafuta. Anasema tuliondoka bila kumuaga, na kwamba ametukosea lakini hajui kosa lake. Ameshakata shauri. Jumapili anarudi kwao Ureno, hamalizi muhula."

"Labda amesahau kwamba ana mtihani," alisema Torunn kwa sauti ndogo.

Babu Oddvar alimtazama. "Mwanafunzi anasahau mtihani, mjukuu wangu?"

Torunn alipaka nta mara moja, kisha akakitupa kitambaa mezani.

"Sikugonga!" aliropoka. "Nilifika mlangoni sikugonga! Nimemchoka, Mama! Kila siku soksi zangu zinalowa. Akanimalizia maji yangu yote, na nyinyi mkamwambia nywele zimependeza! Mnaguna tu, mnakohoa tu, mimi ndiye ninayerudi ziwani!"

Mama alikaa kwanza. Kisha akachukua ufunguo wa gari.

"Vaa koti."

"Sasa hivi? Mama, mashindano ni mchana!"

"Najua ni mchana. Mlango ule utaugonga leo."

Njiani waliwapita watoto wenzake wakielekea kwenye mashindano, namba zimefungwa vifuani. Mmoja alimpungia mkono. Torunn aligeukia upande wa pili, akalia kimyakimya hadi barabara kuu. Mama hakumbembeleza.

Mjini hapakuwa na mtu wala gari. Torunn alishuka ngazi za chumba cha chini akiwa peke yake, Mama akabaki juu. Safari hii mkono ulikuwa mzito zaidi, lakini aligonga.

Leonor alifungua. Macho yalikuwa mekundu, na nyuma yake sanduku la safari lilikuwa wazi kitandani, nusu limejaa.

"Mama alinituma nikukaribishe mlimani," Torunn alisema haraka, kabla hajaogopa. "Sikukuambia. Nikamdanganya kwamba una mtihani. Mama na Babu hawana kosa. Ni mimi. Nisamehe."

Leonor alimkodolea macho. "Yaani siku zote hizi najiuliza nimemuua nani, kumbe ni wewe? Pasaka kwetu nyumba inajaa shangazi na binamu, na mimi nimekaa hapa natazama ukuta! Nimekukosea nini mimi?"

"Ulioshea nywele maji yangu."

"Maji gani?"

Torunn akamweleza: mtaimbo, barafu, ndoo, mlima. Leonor akashika kichwa.

"Mungu wangu! Nilidhani mna tangi pale nje! Mbona hukuniambia?"

"Ungeona mwenyewe."

"Nione kwa macho gani, wewe mtoto? Ulipochota nilikuwa nimelala!"

"Na mabuti je?"

"Mabuti yamefanya nini?"

Torunn akamweleza habari za mabuti pia. Leonor alisikiliza mdomo wazi, kisha akatazama juu ngazini alikosimama Berit.

"Kwa hiyo ile miguno yako ilikuwa ya mabuti? Berit! Nilimpigia mama yangu nikamwambia mwenye nyumba wangu ana ugonjwa wa kifua. Anakuombea kila Jumapili!"

Mama alianza kucheka, kisha aibu ikamshika, akakaa kwenye ngazi.

"Torunn," alisema, "umedanganya, na umemwacha mtu peke yake na njaa. Hilo ni kosa lako, na mashindano umeyakosa kwa sababu yake. Lakini mimi nami nina langu. Ningesema neno moja mwezi wa Januari, mabuti yangekaa kwenye rafu. Mtu akikukera, mwambie kwa upole wakati jambo bado ni dogo. Ukilifungia moyoni linakua, mpaka siku moja unajikuta unafanya ubaya na kuona ni haki yako."

"Nisamehe, Leonor," Torunn alirudia, na safari hii alimtazama usoni.

Leonor alipangusa macho.

"Nitabaki kwa sharti moja," alisema mwishowe. "Mnikemee. Nikikosea, semeni. Nimechoka kukisia."

Kesho yake asubuhi, mlimani, Leonor alizibeba ndoo mwenyewe, Torunn akitangulia na mtaimbo. Alianguka mara nyingi kiasi kwamba theluji iliingia hadi ndani ya kola yake. Alipofika kibandani, akahema, akausukuma mlango kwa bega, akaziweka ndoo sakafuni kwa fahari.

Torunn alichungulia ndani ya ndoo. Zamani angenyamaza na kununa. "Umemwaga nusu," alisema. "Itabidi urudi."

"Sawa, bosi," alijibu Leonor, akicheka.

Upepo uliingia kwa nguvu. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Babu Oddvar akaanza kukohoa kama kawaida yake. Mama alimtazama. Torunn akamtazama. Mzee aliacha kukohoa, akajiweka sawa kitini, akavuta pumzi.

"Leonor," alisema, "funga mlango. Tunaganda."

Leonor akaufunga. "Asante, Babu," alisema. "Leo ndipo umenikaribisha kweli."