Chaki Kavu ya Sajini

Redio ya Motorola ilikoroma saa nne asubuhi. Mkuu alikuwa anapiga kutoka nchi kavu.

"Msumari. Kuna mtu anataka meli izame kabla ya bandari."

"Nani?"

"Mmoja wenu humo."

Msumari, jasusi ndani ya sare ya askari wa majini, alitema mate baharini. Mbele, tagi, meli ndogo ya kuvuta, ilikuwa inaikokota manowari yao iliyotobolewa ubavu na mlipuko. Chini, katika chumba kilichofurika, walilala maiti kumi na mmoja. Mmoja ni mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alisema: hata kidole, nileteeni nikizike.

Kila saa askari mmoja alishuka kupima maji kwa fimbo iliyopakwa chaki. Maji yalipofika, chaki iliondoka.

Sajini akapanda ngazi na fimbo yake. Ndiye aliyemwoa dada wa Msumari.

"Sentimita ishirini, shemeji. Kama jana tu."

Chaki ilikuwa nyeupe mpaka nchani.

Lahaula! Kakumbuka kuipaka, kasahau kuilowesha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kitakuita shemeji.

Msumari alishuka mbio. Maji kiunoni. Koki tatu za kuingiza maji ya bahari zilikuwa wazi. Akafunga moja. Akafunga ya pili.

Bastola ya Beretta ikamgusa kisogoni.

"Iache hiyo, shemeji. Tukifika watajua bomu lilitegwa ndani."

"Ulilitega wewe?"

"Wale wageni walionilipa waliniapia chumba kingekuwa kitupu."

"Mdogo wangu alikuwemo! Alikuita kaka, mshenzi wewe!"

Bastola ikashuka kidogo. Kiwiko cha Msumari kikampata kooni. Akamfunga pingu kwenye bomba, kisha akaizungusha koki ya tatu mpaka viganja vikachubuka.

"Hali?" redio ikauliza.

"Haizami."

Walipofika bandarini, dada yake alimkimbilia gatini, macho yamevimba kwa kilio.

"Kaka, mdogo wetu umemleta?"

"Nimemleta."

"Na baba watoto?"

"Mzima. Naye nimemleta."

Dada alimkumbatia kwa nguvu. "Mungu akuweke. Angalau mmoja umenirudishia."

Msumari alijitoa mikononi mwake taratibu, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatembea kuelekea getini. Nyuma yake walikuwa wanamteremsha Sajini na pingu zake. Aliisikia sauti ya dada ikimwita, mara mbili.

Hakugeuka.