Wifi Hakujua Nimewekwa Lenzi

Astaghfirullah! Alikusanya makohozi... akayatema ndani ya bakuli langu la uji!

Mbele yangu kabisa! Kisha akakoroga na kijiko, polepole, huku ananitazama usoni.

"Wifi, uji wako huo. Adhana ikitoka tu, unywe ungali moto," Saada akaniambia, tena anatabasamu.

Jamani... uji wa kufuturia huo!

Ngoja niwaeleze alivyothubutu.

Naitwa Nahla, kwetu Ole, nimeolewa Madungu, hapa hapa Pemba. Macho yangu yalikuwa hayaoni mbali kabisa. Bila miwani, hata uso wa mume wangu Jabir niliuona ukungu mtupu. Dada yake, huyu Saada, miwani yangu akiiita vitako vya chupa.

Tulikwenda Dar kutaka kurekebishwa macho kwa leza. Daktari akakataa, kioo cha mbele cha jicho langu ni chembamba mno. Saada akaambiwa kwa simu, akacheka!

Asichokijua, daktari alitupa njia nyingine: lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho.

"Ziko za aina gani?" Jabir akauliza.

"Moja hukaa mbele ya sehemu ya rangi ya jicho. Ikikaribiana na kioo, inaweza kukiharibu. Nyingine laini, hukaa nyuma ya hiyo rangi. Ila kwa baadhi ya watu huleta mtoto wa jicho mapema."

"Na mkinitoa lenzi yangu ya asili mkaweka ya bandia?" nikauliza.

"Kwa umri wako? Utaanza kuhitaji miwani ya kusomea. Sikushauri."

Nikapimwa, nafasi ndani ya jicho ikatosha. Tukachagua ile laini ya nyuma.

Nilipopona tukarudi, Ramadhani hiyo. Jabir akapitia msikitini, mimi nikakaa mkekani bila miwani nisubiri futari. Nilitaka kuwashtukiza kwa furaha... ndipo Saada akaja na uji ule.

"Kunywa wewe," nikamsukumia Saada bakuli.

"Mimi? Kwani vipi?"

"Nimekuona ulivyotema! Mpaka rangi ya kohozi lako nimeiona!"

Saada akarudi nyuma. "Kumbe... unaona?!"

Mara mavyaa wangu, mama yao Jabir na Saada, Bi Mwatum, akatoka jikoni, akalipokonya bakuli, akaumwaga uji uani.

"Saada! Leo tena?"

Tena?!

"Mama... tena vipi?" nikamuuliza.

Bi Mwatum akaanza kulia. "Mwanangu, nishamfuma mara nyingi. Nikikuwahi, nakubadilishia bakuli."

"Na usiponiwahi?"

Akajipangusa machozi kwa ncha ya kanga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikiogopa Jabir atamfukuza dada yake. Nyumba itavunjika."

Nyumba! Na tumbo langu je?!

Saada wala hakuomba radhi. "Kaka alikuwa wetu kabla hujaja," ndilo alilosema. Jabir alipoyasikia, akampeleka kwa shangazi yao Wete.

Wasomaji wangu, kumchukia Saada ni rahisi. Kinachonitia kinyaa mpaka leo ni yule mama aliyekuwa akiniita mwanangu, akajua, akanyamaza.

Usifiche aibu ya mwanao kwa kumlisha uchafu mtoto wa mwenzio!