Uwanja Nilioufagia Mno

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa nashika ufagio. Nyumba yetu hapa mtaa wa Tena ina uwanja mdogo mbele. Mama yangu kule Siaya alinifundisha kwamba uwanja wa mwanamke nadhifu hauoti hata jani moja. Basi nyasi zikichungulia tu, nang'oa. Nafagia mpaka ardhi inabaki na mistari ya ufagio. Wapita njia walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Jirani yangu ni Qali, mama yake Hibaq. Clare wangu alipozaliwa, mume wangu Owuor alikuwa kazini Mombasa. Qali ndiye aliyenipikia uji siku arobaini. Sijasahau hata kikombe kimoja.

Mwezi wa pili upepo ulianza. Hibaq ana miaka sita, na ana pumu. Akawa anakohoa mchana kutwa. Mara mbili katika juma moja alikimbizwa kliniki. Siku tatu baadaye nikamkuta Qali anapakia sufuria kwenye gunia.

"Mama Hibaq, kwani unaenda wapi?"

"Nahamia Islii, kwa dada yangu. Daktari amesema mtoto akae mbali na vumbi. Na hii vumbi, wallahi, inatoka kwako."

"Kwangu? Mimi nafagia mara mbili kwa siku!"

"Naona. Sina ugomvi na wewe, Mama Clare. Nataka tu mtoto apumue."

Niliingia ndani nikabamiza mlango. Kuambiwa mchafu, mimi Benta! Halafu hasira ikaniisha, nikalia. Ningebaki na nani?

Kesho yake nilimwita Nzilani. Yeye huuza miche kando ya barabara, na amesomea mambo ya udongo. Alikuja, akauzunguka uwanja, akachuchumaa mlangoni.

"Mama, ulipohamia hapa, hii ngazi ilikuwa hivi?"

Nikatazama. Chini ya ngazi kulikuwa na pengo la kupitisha kiganja. Miaka tisa iliyopita ngazi hiyo ilikaa sawasawa juu ya ardhi.

"Udongo umeenda wapi?" nikauliza.

"Upepo umeubeba. Ardhi ikiwa kavu, bila nyasi, hakuna cha kuushika udongo. Wewe unaulegeza kwa ufagio, upepo unauinua. Vumbi laini linaenda mbali. Mchanga ni mzito, unarukaruka hapa chini tu."

Akanionyesha lango. Kutoka magotini kwenda chini, rangi ilikuwa imekwanguka. Juu ilikuwa nzima.

"Nilidhani ni watoto na mpira wao," nikasema.

"Watoto wamechangia. Lakini mchanga nao unasugua, kama msasa wa fundi. Kwenye jangwa, upepo unachonga hata miamba hivyo hivyo, kwa miaka mingi sana."

Kisha tukaenda kwenye ukuta wa Qali. Chini ya dirisha la Hibaq palikuwa na tuta la vumbi na mchanga.

"Upepo ukigonga ukuta, mwendo unapungua," alisema Nzilani. "Hapo unatua mzigo wake. Vilima vya mchanga jangwani huanza vidogo namna hii."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Udongo ule ulikuwa wangu.

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza, weka ufagio chini. Majani makavu yaache yafunike udongo. Panda nyasi, uzimwagilie maji ya kusuza nguo, yale yasiyo na sabuni nyingi. Kando ya ua panda vichaka vipunguze upepo. Sehemu yenye saruji fagia, lakini nyunyiza maji kwanza."

"Na kona ile ya langoni? Upepo wake si wa mchezo."

"Tandika gunia, ukandamize kwa mawe. Nyasi zitapenya."

Qali alikuwa amesimama mlangoni pake, anasikia yote. Nikamwendea.

"Mama Hibaq, nimekuwa nikimtumia mtoto wako vumbi asubuhi na jioni. Sikujua. Nisamehe."

Akaingia ndani, nikasikia sufuria zikigongana. Akatoka na gunia lile lile, sasa tupu.

"Tandika hii," akasema. "Hibaq atakaa Islii mpaka nyasi zishike. Akirudi na bado anakohoa, tunahama."

Nilipanda siku hiyo hiyo. Lakini mazoea ni mazoea! Kila asubuhi mikono iliniwasha, mpaka Clare akauficha ufagio. "Mum, zoea tu," aliniambia. Kisha mvua za mwezi wa tatu zikaja, nyasi zikatambaa.

Hibaq alirudi mwezi wa tano. Dawa yake bado anatumia, kama daktari alivyoagiza. Lakini hajakimbizwa kliniki tena, na dirisha lake liko wazi. Leo anaruka kamba uwanjani kwangu, na vumbi halipandi. Namshukuru Mungu, namshukuru Nzilani, na zaidi namshukuru Qali aliyenipa nafasi.

Juzi nilitaka kumrudishia gunia lake. Nililivuta, halikutoka. Nikalivuta kwa mikono miwili. Nyasi zilikuwa zimepenya kila tundu na kulishika chini.

Qali alinitazama akicheka.

"Wacha hiyo gunia hapo, Mama Clare," akasema. "Mimi sina safari."