Mwanga Usiovuka Kondo

Viboti-damu, roboti ndogo mno, viliingia mwilini mwa Anande kwa sindano nyembamba, vikatawanyika. Kila kimoja kilikuwa kidogo kuliko chembe ya damu, na kila kilipogusa kemikali sugu, zile zisizooza milele, kiliwaka rangi ya chungwa kwenye kioo cha maabara, kikazinasa na kuzipeleka kwenye chujio lililofungwa mkononi mwake.

Aliyevibuni alikuwa Mhandisi Tumsifu, dada yake wa tumbo moja. Morogoro Mpya nzima ilimjua kwa kazi hiyo. Alikuwa ameshasafisha damu ya wazima moto waliooga povu la kuzimia moto lenye kemikali hizo miaka nenda miaka rudi. Leo ilikuwa zamu ya mdogo wake, aliyeshika mimba baada ya kuhangaika hadi kukata tamaa.

Damu ilitakata mbele ya macho yao. Kisha Tumsifu akashusha picha hadi kwenye mji wa mimba, akakunja uso.

"Dada, kuna nini?"

"Ni mtoto wa kike."

Anande akacheka, akalishika tumbo lake. "Sasa hilo ndilo la kununa?"

Tumsifu alimwonesha. Viboti vilikuwa vimerundikana kwenye kondo la nyuma, vimeshindwa kuvuka, lakini miale yake ilisoma yaliyo upande wa pili. Ndani ya kijitumbo cha mtoto, pembeni, kulikuwa na madoa mawili ya rangi ya chungwa.

"Hizo ni ovari zake," alisema. "Mtoto wa kike huumbiwa mayai yake angali tumboni. Yanaumbwa sasa hivi, na kemikali zimeshafika."

Anande aliyatazama madoa yale. "Kwa hiyo si mwanangu tu. Ni pamoja na wajukuu zangu."

"Ndiyo."

"Zitoe, basi."

"Siwezi. Nikivilazimisha viboti kupita, mimba itatoka."

"Nilikula nini mimi, dada?"

"Hukukosea popote. Zimo kwenye vikaango, makoti ya mvua, maji ya bomba. Nyingine ulizaliwa nazo, kutoka kwa mama. Hata mimi ninazo."

"Zitamfanya nini?"

"Sijui. Labda zisimfanye kitu. Labda ahangaike kama wewe. Mashine inaona tu, haitabiri."

Anande aligeukia ukutani. Alilia bila sauti, kisha akasema koo limemkauka.

Tumsifu akaenda bombani, akajaza glasi, akamletea. Akasimama pale akimtazama akinywa, funda baada ya funda, hadi maji yakaisha.